Nani Apewe Namba? Jinsi ya Kubishania Mkimbiaji wa Futiboli ya Marekani

Msimu wa 2022 Dallas Cowboys walikuwa na wakimbiaji wawili. Ezekiel Elliott alikabidhiwa mpira mara 231 akasonga yadi 876. Tony Pollard alikabidhiwa mara 193 akasonga yadi 1,007. Gawanya mwenyewe: Pollard alipata yadi 5.2 kila alipokimbia na mpira, Elliott 3.8. Hata hivyo Elliott, mwenye mkataba wa dola milioni 90, ndiye aliyeanza karibu kila mechi aliyokuwa mzima. Mashabiki wakagawanyika. Aliyekuwa akiishi Dallas, Fort Worth au Arlington mwaka ule, akaalikwa kwa shemeji yake Jumapili, alijua kwamba kabla pilau haijapakuliwa ataulizwa yuko upande gani.

Mwongozo huu ni wa kukusaidia kujibu swali la namna hiyo, liwe la Dallas au la timu nyingine. Nachukulia kwamba tayari unajua timu ina watu 11 uwanjani, inapewa majaribio manne ya kusonga yadi 10, na ikiufikisha mpira mwisho wa uwanja inapata tachidauni yenye pointi sita. Mengine yote utayapata kwa kutazama.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ukibishania jina la anayeanza, unabishania kitu kidogo. Kwenye soka kuanza ni jambo zito, maana aliyetolewa harudi. Huku kocha anabadilisha watu kila jaribio bila kikomo, na aliyeanza anaweza kugusa mpira mara mbili kisha akasugua benchi robo nzima. Ubishi wenye maana ni wa kazi: nani anakabidhiwa mpira yadi zikiwa nyingi, nani zikiwa chache, nani anabaki uwanjani dakika mbili za mwisho. Mvute mwenzako atoke kwenye majina aje kwenye kazi. Mara nyingi utakuta hamkuwa mnapingana kama mlivyodhani.

Anza na kazi

Mkimbiaji husimama nyuma au ubavuni mwa kwotabeki, yule mrusha pasi wa timu. Ana kazi tatu: kukimbia na mpira aliokabidhiwa, kudaka pasi, na kumlinda kwotabeki asiangushwe wakati anatafuta mtu wa kumrushia. Shabiki anaishangilia ya kwanza, anaiona ya pili, ya tatu inampita. Kocha anaanzia ya tatu.

Kama umelelewa na raga, kama Wakenya wengi, kuna jambo moja la kuzoea. Kwenye raga ni kosa kumzuia mtu asiye na mpira. Huku kumzuia ndiyo riziki ya watu watano wakubwa wanaosimama mbele, na mkimbiaji anaishi kwa kusoma mwanya wanaoufungua: asubiri nusu sekunde, au apasue sasa hivi? Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga akajiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013, alikuja na mwili na mbio tayari, lakini mchezo wenyewe ilibidi aanze kuusoma kutoka mwanzo, naye hata hakuwekwa upande wa wakimbiaji.

Mfano mzuri wa mgawanyo wa kazi ni Kansas City Chiefs wa 2022. Clyde Edwards-Helaire, aliyechaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya 2020 (drafti ni pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu), ndiye aliyeanza msimu akiwa na namba. Nyuma yake alikuwepo kijana mgeni, Isiah Pacheco, mtu wa 251 kati ya 262 waliochaguliwa mwaka ule. Katikati ya msimu Pacheco akaichukua namba. Anakimbia kwa hasira, magoti juu, na mashabiki wakaona shauri limekwisha. Lakini tazama jaribio la tatu, yadi zimebaki nane au tisa, kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja. Pacheco anatoka, anaingia Jerick McKinnon mwenye umri wa miaka 30. Msimu ule McKinnon alidaka pasi tisa za tachidauni. Alikuwa anajua pa kusimama, anajua nani wa kumzuia, na alikuwa hasahau.

Kisha ikaja fainali ya Super Bowl, Februari 12, 2023, mjini Glendale, Arizona. Pacheco alikimbia yadi 76 na kufunga tachidauni moja. Matokeo yakiwa 35 kwa 35, zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, aliyekuwa uwanjani na mpira mkononi ni McKinnon. Philadelphia Eagles walitamani afunge upesi ili warudishiwe mpira muda ukiwa bado upo. Yeye akakimbia hadi karibu kabisa na mstari, akajitelezesha chini kwa makusudi, tachidauni akaiacha. Saa ikaendelea kukimbia. Zikabaki sekunde 8 Harrison Butker alipopiga teke la pointi tatu, na Chiefs wakashinda 38 kwa 35. Sasa niambie, nani alikuwa mkimbiaji namba moja wa Kansas City? Inategemea unaulizia dakika ipi.

Kwa hiyo, kabla hujatamka jina, chukua karatasi. Andika mistari minne: jaribio la kwanza na la pili, jaribio la tatu yadi zikiwa nyingi, yadi moja au mbili tu zinatakiwa, dakika za mwisho za mechi. Kila mstari upe jina. Ukikuta jina moja limejaza yote manne, ama una mchezaji adimu, ama hujawatazama wengine vizuri.

Zipo timu zinazougawa mzigo waziwazi. Detroit Lions mwaka 2023 walikuwa na David Montgomery, mzito wa kusukuma watu, na Jahmyr Gibbs, mwepesi wa kupotea machoni. Montgomery alimaliza na yadi 1,015 na tachidauni 13 za kukimbia, Gibbs yadi 945 na tachidauni 10. Mwanzoni mwa msimu wapo waliolalamika kwamba mtu aliyechaguliwa wa 12 kwenye drafti hawezi kupewa mpira mara chache vile. Kufikia mwisho wake malalamiko yalikuwa yameisha. Sababu haikuwa kwamba mmoja alimshinda mwenzake. Kila mmoja alikuwa na saa zake za kazi.

Wastani unavyodanganya

Turudi Dallas. Yadi 5.2 dhidi ya 3.8 ni tofauti kubwa, na mtu wa Pollard ataitandika mezani akidhani kamaliza. Muulize swali moja: mbio hizo zilianzia wapi uwanjani? Elliott mwaka ule alifunga tachidauni 12 za kukimbia, Pollard 9. Ni Elliott aliyekuwa akiitwa mpira ukiwa pua na mstari, na alipotakiwa kupata yadi moja tu ili timu ipewe majaribio mengine manne. Ukiwa umebakiza yadi moja ukafunga, umefanya yote yanayowezekana duniani, na wastani wako umeshuka. Aliyekabidhiwa mpira katikati ya uwanja akapata yadi nne wakati zinatakiwa kumi, wastani wake umependeza na timu bado ina kazi.

Upande wa pili, mtu wa Elliott asijifiche hapo milele. Oktoba 30, 2022 Elliott alikuwa anauguza goti, Pollard akaanza mechi ya Chicago Bears badala yake. Alikabidhiwa mpira mara 14, akapata yadi 131 na tachidauni tatu. Mtu aliyesema hawezi kufunga mpira ukiwa karibu alinyamaza jioni hiyo.

Kuna vipimo viwili ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvitumia na kalamu, bila programu yoyote. Cha kwanza: ondoa mbio moja ndefu kuliko zote, kisha gawanya upya. Mkimbiaji aliyepata yadi 90 kwa mara 15, sitini kati ya hizo zikiwa za mara moja, amebaki na yadi 30 kwa mara 14. Hapo unaelewa kwa nini kocha hakufurahi kama ulivyofurahi wewe. Lakini usiondoe mbio mbili au tatu hadi upate jibu ulilokuja nalo. Uwezo wa kupasua yadi 60 ni mali pia, na timu pinzani inauhofia.

Cha pili ni bora zaidi, nacho kinapima kama mbio imefanikiwa au la. Kanuni inayotumika sana ni hii: jaribio la kwanza, apate angalau asilimia 40 ya yadi zinazotakiwa, la pili, asilimia 60 ya zilizobaki, la tatu na la nne, zote. Tia vema kila anapofaulu, tia mkato anaposhindwa. Baada ya mechi tatu au nne utakuwa na karatasi inayosema mambo ambayo wastani hausemi. Utashangaa ni mara ngapi yule anayechosha kumtazama ndiye mwenye vema nyingi.

Sasa twende kwenye kosa kubwa kuliko yote, nalo ni kumsifu mkimbiaji kwa kazi ya watu watano wa mbele. Dallas yenyewe ni ushahidi. Mwaka 2014 DeMarco Murray alikabidhiwa mpira mara 392, akasonga yadi 1,845 na kuongoza ligi nzima. Akaondoka kwenda Philadelphia, na msimu uliofuata akaambulia yadi 702 kwa wastani wa 3.6. Dallas wakabaki na Darren McFadden, mtu ambaye wengi walishamwona amekwisha, wakamweka nyuma ya ukuta wa Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin. McFadden akapata yadi 1,089. Mwaka 2016 akaja Elliott, kijana kutoka chuo cha Ohio State, akaongoza ligi kwa yadi 1,631. Misimu mitatu, wakimbiaji watatu, nguzo za mbele zile zile. Simaanishi kwamba watatu hao walikuwa sawa, na Elliott wa 2016 ni kati ya wakimbiaji bora niliowahi kuwatazama. Nasema tu kwamba ukuta ule ulimbeba kila aliyepita nyuma yake.

Saquon Barkley alisafiri njia ya kinyume. Akiwa New York Giants mwaka 2023 alikimbia mara 247 kwa yadi 962, wastani wa 3.9. Akahamia Philadelphia Eagles, nyuma ya majitu kama Lane Johnson na Jordan Mailata, yule Mwaustralia aliyetoka kwenye raga. Mwaka 2024 akakimbia mara 345 kwa yadi 2,005, mtu wa tisa katika historia ya ligi ya NFL kufikisha yadi 2,000 kwa msimu. Miguu ni ile ile.

Ndiyo maana kumlinganisha mkimbiaji wa timu yako na wa timu nyingine ni kazi ya kubahatisha. Walinganishe walio timu moja. Hata hapo uwe mwangalifu: Elliott alipoingia kwenye yadi moja, wapinzani walijazana mbele wakijua anapewa mpira, Pollard alipoingia kwenye jaribio la pasi, walirudi nyuma na kumwachia nafasi. Jezi moja, ukuta mmoja, lakini mazingira mbalimbali.

Yanayopita bila luninga kuyaonyesha

Kamera inaufuata mpira. Wewe usiufuate. Chagua nusu moja ya mechi, na kila kwotabeki anaporudi nyuma kurusha pasi, mtazame mkimbiaji. Amemwona adui anayekuja kwa kasi kutoka pembeni? Amejipanga mbele yake, au amejitupa miguuni kwa kubahatisha? Amemzuia mtu asiye wake huku wa kwake akipita? Utagundua kwamba baadhi ya vijana wenye mbio za kutisha hawajui kazi hii kabisa. Kwotabeki ndiye mtu ghali kuliko wote kikosini. Akivunjwa bega kwa sababu kijana alikosea hesabu ya walinzi, msimu umekwisha, na hakuna yadi 5.2 itakayourudisha. Ukimwona mtu mwepesi anakaa nje jaribio la tatu, usikimbilie kusema kocha ana chuki naye.

Kudondosha mpira ni jambo la pili, nalo lina ukatili wake. Stevan Ridley wa New England Patriots alikimbia yadi 1,263 na tachidauni 12 mwaka 2012. Msimu uliofuata alidondosha mpira mechi tatu mfululizo. Mpira mmoja kati ya hiyo Von Miller wa Denver Broncos aliuokota akaenda kufunga. Mechi iliyofuata Ridley hakuvaa hata jezi. Wengi walimwona kocha wake, Bill Belichick, mkatili, mimi naona alikuwa anahesabu: mpira uliopotea unawapa wapinzani nafasi ya kushambulia na unakunyang'anya ya kwako, kwa pamoja.

Ila usimhukumu mtu kifungo cha maisha. Tiki Barber wa Giants alidondosha mpira mara tisa mwaka 2003. Mwaka uliofuata akaja kocha Tom Coughlin, wakambadilishia namna ya kuubeba: juu, umebanwa kifuani, kiwiko kimefungwa. Mwaka 2005 Barber alikimbia yadi 1,860, na mpira ukamtoka mara moja tu. Kwa hiyo mtu akikuambia fulani hafai kwa sababu anadondosha, muulize anadondosha vipi. Anapogongwa na watu watatu, au anapoubeba mkono ukiwa mbali na mwili? La pili linafundishika.

Halafu kuna mazoezi, ambayo sisi hatuyaoni. Novemba 16, 2014 Jonas Gray, mchezaji ambaye hata mashabiki wengi wa Patriots hawakuwa wanalijua jina lake, alikabidhiwa mpira mara 37 dhidi ya Indianapolis Colts, akapata yadi 201 na tachidauni nne. Wiki nzima akawa gumzo. Siku ya Ijumaa akachelewa kufika mazoezini kwa sababu ya usingizi. Jumapili iliyofuata, dhidi ya Detroit, hakugusa mpira hata mara moja, na LeGarrette Blount aliyekuwa amerejeshwa kikosini wiki ile ile akachukua nafasi yake. Aliyeketi mezani na takwimu za mechi iliyopita peke yake asingeweza kulibashiri hilo. Ukiona uamuzi wa ajabu, acha mlango wazi kwamba kocha anajua kitu cha Jumatano au cha Ijumaa ambacho wewe hukijui.

"Mpe zaidi" na mkataba

Hoja inayopendwa na kila shabiki wa mchezaji wa akiba ni kuzidisha: akipata yadi 1,007 kwa mara 193, mpe mara 250 atapata zaidi ya 1,300. Dallas wakaijaribu. Machi 2023 walimwachia Elliott aende zake, Pollard akawa mwenye nyumba. Alikabidhiwa mpira mara 252, akapata yadi 1,005. Mara 59 zaidi, yadi mbili pungufu. Wastani ukashuka hadi 4.0.

Watu wa Elliott wakacheka, na wakasahau kwamba Pollard alikuwa amevunjika mfupa wa mguu Januari ile katika mechi ya mtoano waliyofungwa na San Francisco 49ers, 19 kwa 12. Alirudi uwanjani akiwa bado anautafuta mguu wake wa zamani. Hivyo kesi haikwisha kwa namna ambayo upande wowote unaweza kuitangaza barabarani. Ninachokichukua mimi ni kidogo na cha uhakika: wastani wa mtu anayepewa mpira kwa kuchaguliwa wakati hauzidishwi kama bei ya sukari. Anayeingia mara 12 anaingia akiwa na pumzi, na mara nyingi wakati mzuri. Anayeingia mara 20 anabeba na zile mbaya. (Ukitaka kumchokoza shabiki wa Dallas, mkumbushe jaribio la mwisho la mechi ile ya San Francisco: Elliott aliwekwa kati, mahali pa mtu wa kilo 140, auanzishe mpira, na akaangushwa chali mara moja.)

Miili nayo ina kikomo. Larry Johnson wa Kansas City alikabidhiwa mpira mara 416 mwaka 2006, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kwa msimu mmoja. Mwaka uliofuata alicheza mechi nane, akaumia mguu. Kabla ya kudai kijana wako aongezewe, hesabu ameubeba mpira mara ngapi tangu chuoni.

Mkataba na nafasi ya drafti vinaeleza kwa nini mtu anapewa namba, havielezi kama anaistahili. Tajiri aliyelipa dola milioni 90 hapendi kuziona zimekaa benchi, na meneja aliyetumia raundi ya kwanza kwa kijana atamvumilia kuliko aliyeokotwa bure. Itumie hoja hii kubashiri kitakachotokea. Usiitumie kudai kinachofaa. Mkimbiaji Rico Dowdle hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti ya 2020, na mwaka 2024, baada ya Elliott kurudishwa Dallas, ni Dowdle aliyeishia na yadi 1,079 na namba mkononi.

Mezani

Siku ya ubishi mkubwa kuliko zote Dallas ni Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu ya Shukrani. Cowboys wamekuwa wakicheza nyumbani siku hiyo tangu 1966, ukiacha miaka miwili tu. Mechi huanza saa tisa na nusu alasiri kwa saa za huko, yaani saa sita na nusu usiku Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo jiandae pia kwa ndugu wa nyumbani watakaoingia kwenye simu na usingizi machoni na maoni makali.

Usianze kwa kupinga. Anza kwa kuuliza, maana swali la kazi linamfanya mtu ajibu mwenyewe:

"Shemeji, huyu kijana apewe mpira mara 20 uone moto."

"Sawa, shemeji. Na jaribio la tatu abaki?"

"Abaki. Asitoke."

"Wakija watu sita kumfuata kwotabeki, huyo wa sita ni wa nani?"

"Ah. Hapo aingie mzee."

Mmeshakubaliana mambo mawili na chakula hakijapoa.

Sema jambo linaloweza kupimwa kabla ya mechi, siyo baada yake. "Fulani ni mzuri" haipimiki. "Wakimpa jaribio la kwanza, atapata yadi nne zaidi ya nusu ya mara" inapimika, na usiku ule ule mtajua. Usijenge kesi kwa mechi moja, hata kama ni mechi ya ajabu. Kama mezani pana Wakongo, hapo una mfano wa kwao: Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, alikimbia yadi 313 Novemba 1995 chuo chake cha Michigan kilipowafunga Ohio State, ambao walikuwa hawajafungwa, 31 kwa 23. Upande wa pili alikuwepo Eddie George. Wiki chache baadaye tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, ilikwenda kwa George kwa kazi ya msimu mzima. Wapiga kura hawakukosea, na yadi 313 bado ni yadi 313. Mkongo wa kweli atakuambia tuzo ile iliibwa. Mwache, ana haki yake.

Tenganisha pia ubishi huu na ule wa ligi za fantasi, ambako shabiki anajiundia kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Wa fantasi anatafuta pointi, na pointi zinampenda anayesukuma mpira yadi ya mwisho hata kama safari nzima ameibeba mwingine. Mwenye Gibbs kwenye kikosi chake cha fantasi mwaka 2023 alikuwa na haki ya kumnunia Montgomery kila Jumapili. Kocha wa Detroit hakuwa na sababu hiyo. Ukisikia mtu anatetea kwa jazba isiyo ya kawaida, muulize kwanza nani yuko kwenye kikosi chake cha simuni.

Mwisho, soma taarifa za majeruhi. Kwa mechi ya Jumapili, timu hutoa hali ya wachezaji Jumatano, Alhamisi na Ijumaa: nani amefanya mazoezi kamili, nani nusu, nani hakugusa. Dakika 90 kabla ya mechi hutoka orodha ya wasiovaa jezi. Oktoba 2025 Chuba Hubbard wa Carolina Panthers, mwenye namba na mkataba mpya, alikuwa kwenye orodha hiyo kwa maumivu ya misuli ya mguu, akaingia Rico Dowdle, yule yule aliyekuwa Dallas. Alikimbia yadi 206 dhidi ya Miami Dolphins, na wiki iliyofuata yadi 183 dhidi ya Cowboys wenyewe. Waliokuwa wameandaa hoja za kumtetea Hubbard walizikunja kabla ya mpira kuanzishwa.